Njia ya Kilindi cha Baba

Tūrangi,
Nyuzilandi.
Jumapili, 9 Februari 2014

Mpendwa mdogo wangu Struan,

Habari za Perth na joto lenu? Natumaini wewe na binti yako Tui mmeamka salama, na kile kikohozi chake kimekwisha. Sisi hatujambo. Bega la mume wangu Hemi linapona polepole tangu lipasuliwe, ingawa sasa amelifanya kisingizio cha kutoosha vyombo.

Safari ya familia ya Pasaka nimeshaipanga. Ijumaa maporomoko ya Huka, Jumamosi mashua ya kwenda kuona michongo ya mwambani, Jumapili maji moto ya Tokaanu. Kuvua samaki wa trauti nimeweka asubuhi moja tu, tena ya vijana. Nilikuandikia kwamba Baba ameachana na mto, nawe ukajibu kwamba kama ni hivyo, mtakuja mwakani.

Struan, nilikudanganya. Baba hajaachana na chochote. Kila jioni yuko mezani na miwani yake, anafunga manyoya kwenye ndoano, anatutengenezea sote nzi wa bandia wa kuvulia, hata Tui ambaye hajawahi kushika mshipi. Mimi ndiye niliyetaka aache. Msimu uliopita maji yalimzoa miguu, na Hemi asingemdaka ukosi wa koti, ningekuandikia barua ya msiba. Tangu siku hiyo nikiyaona mabuti yake mlangoni, naona tena ukosi ule mkononi mwa Hemi.

Basi nikamwambia mafuriko yamekula njia ya kwenda kwenye kilindi chake cha kuvulia.

"Hakupitiki kabisa, Baba. Wewe utakaa na watoto kwenye maji moto, sawa?"

"Haya mama, wewe ndiye bosi."

Akaendelea kufunga nzi wake. Mimi nikaenda jikoni kulia.

Jana alichukua gari bila kuaga. Aliporudi nilimkuta uani anasugua mabuti kwa brashi na maji ya sabuni, kama tunavyofanya sote tukitoka mtoni, tusije tukahamishia mto mwingine mwani mbaya. Nikajua amefika mtoni.

"Njia ile wameitengeneza upesi," akasema bila kuniangalia. "Vijana wa siku hizi wachapakazi kweli."

Nilitamani ardhi inimeze. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia uani kwetu. Nimemdanganya baba yangu, naye ndiye aliyenisitiri.

Maji moto ya Jumapili nimeyafuta; siku hiyo tutampeleka Baba kilindini. Lakini kufika huko ni kuvuka, na unajua mto wetu unavyovukwa: watu bega kwa bega, mikono imeshikana nyuma ya migongo, mwenye nguvu upande wa juu, mkondo unakotoka, akivunja maji. Hemi hawezi, na mimi peke yangu simwezi Baba. Kushikwa na mgeni hatakubali, unamjua. Nakusihi, mdogo wangu, njoo Pasaka hii. Wewe usimame upande wa juu, mimi upande wa chini, Baba awe katikati.

Hemi anakusalimu sana. Mpe Tui busu langu, mwambie nzi wake ana manyoya mekundu. Mungu awavushe salama bahari iliyo kati yetu.

Ni mimi dada yako akupendaye, na mwenye aibu,

Noeline

Nimesahau: sijamwambia Baba kwamba nakuandikia. Ila leo asubuhi ameyatoa stoo mabuti yako ya zamani, naye anayapaka mafuta.