Jina la Bibi Ghati Ambalo Hukulifuta

Ndugu yangu Nyamhanga,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Nakuandikia katika meza yako ya ofisi ya kanisa, kwa sababu ni hapa nilipokukosea.

Wiki iliyopita binti yako Rhobi alikuja kutoka Mugumu, anakofundisha fasihi. Anawasomesha wanafunzi hadithi fupi ya zamani juu ya karani mkimya aliyeacha kufanya aliyoagizwa, bila kelele wala matusi, mpaka wakubwa wake wakachoka. Wanafunzi wamegawanyika: wengine wanasema alikuwa mgonjwa, wengine mvivu, wengine shujaa. Kisha akaniuliza, "Baba mkubwa, ninyi mlikuwa na karani wa namna hiyo, baba yangu. Mlimwelewaje?" Nilimwambia amalize uji wake kwanza.

Unaikumbuka siku ile. Baraza la wazee, nami nikiwa mwenyekiti, liliamua kumfuta Bibi Ghati katika daftari la waumini. Mjane yule asiye na mtoto wa kiume alikuwa ametoa ng'ombe, akamwoa binti kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, ili binti huyo amzalie warithi. Nilikuagiza upige mstari juu ya jina lake. Ukaifunika kalamu, ukasema, "Acha kwanza, Mwenyekiti." Juma lililofuata ukasema vilevile. Ubatizo uliandika, ndoa uliandika, vifo uliandika. Mstari ule hukuupiga, na kwa utaratibu wetu hakuna aandikaye humo ila karani. Mzee mmoja akanicheka mbele ya wote: "Mwenyekiti, karani wako amegeuka kisiki!" Kwa aibu nikakunyang'anya ufunguo wa ofisi hii. Hukubisha. Uliendelea kuja kila asubuhi, ukakaa kwenye ngazi za nje na Biblia yako, ukitusalimia sote, mpaka homa ilipokulaza.

Siku ya kukuzika nilisema ulikuwa mtumishi mtiifu. Niliwasikia wazee wakikohoa.

Mchungaji alidhani ni ugonjwa. Mimi nilisema ni kiburi, nikakuombea kwa magoti kikutoke, Mungu anisamehe. Leo nimepekua droo hii nikitafuta maelezo. Nimekuta miwani yako na kipande cha sabuni. Hukuacha neno, basi nakusoma kwa yale uliyoyatenda. Sote tuliuliza una nini. Hakuna aliyeuliza tulikuwa tumekuagiza nini. Bwana wetu alituagiza kwamba ndugu akikosa tumwendee kwanza, ana kwa ana. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amekanyaga ua wa Bibi Ghati. Tulimzuia Meza ya Bwana kwa habari za sokoni.

Sasa Bibi ni mgonjwa, naye hainuki kitandani. Karani mpya amepatikana, kijana mwenye mwandiko mzuri na utii mwingi, na baraza limepanga Jumapili hii apige mstari. Akifa akiwa amefutwa, atazikwa bila kengele wala ibada.

Juzi nilikwenda kwake. Kabla sijaketi akasema, "Karibu, Mwenyekiti. Chai yako imepoa tangu mwaka juzi." Tulizungumza hadi adhuhuri. Nilimwambia wazi kwamba ndoa ile siikubali. Akanijibu, "Najua, baba. Lakini nilikuwa nalala peke yangu katika nyumba hii, na hakuna mzee aliyekuja kuniombea." Nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Tulisali. Yule binti aliyeolewa naye ndiye aliyemwinua mgongo ili aseme amina.

Nimeamua. Jumapili, kabla ya kalamu kushikwa, nitasimama na kuungama mbele ya kanisa kwamba tulihukumu bila kumwendea, na kwamba aliyeongoza ni mimi. Nitasema pia kwamba nilikuzika kwa sifa ambazo sikukupa ukiwa hai. Jina lile halitafutwa nikiwa katika kiti hiki. Wakiniondoa, na waniondoe. Bibi akitangulia, nitamsomea ibada mwenyewe, kengele ilie au isilie.

Pumzika, ndugu yangu. Sitakudai tena maelezo.

Wako katika Kristo,
Mzee Marwa