Haidra wa Lambo la Ng'washi

Mwanhuzi,
4 Februari 1995

Kwa Babu Januarius,

Mwangaluka, Babu. Mimi sijambo, ile homa imeisha. Mguu wa Bibi Milembe unaendeleaje? Mvua zimenyesha huko Nkololo?

Babu, nina shida. Tangu serikali iruhusu biashara huria, wazazi wa shule yetu wanataka watoto wasome biashara tu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ng'washi, alisema mbele ya walimu wote: "Biolojia bila maabara ni hadithi. Tuifute, tuweke somo lenye faida." Wazazi watakutana tarehe 18 Machi kuamua. Nimeomba nifundishe kipindi kimoja mbele yao, mada ya mfumo wa neva. Nina hadubini moja na chaki. Wewe ulifundisha somo hili miaka thelathini, nianzie wapi? Wakilifuta, nami nafungasha.

Mjukuu wako,
Philomena


Nkololo,
11 Februari 1995

Kwa mke wangu mdogo Philomena,

Mwangaluka. Barua yako imetukuta tukipalilia pamba. Sisi wazima. Mguu wa bibi yako umepona kiasi cha kunifukuza jikoni, na anasema nikikuita mke tena nihamie kwako moja kwa moja, nikajipikie.

Usianze na ubongo wa binadamu. Anza majini, kwa wanyama wadogo. Kuna sifongo, ambaye hana neva hata moja. Maji yanampita mwilini, anachuja chakula, basi. Kisha kuna haidra, mrija mwembamba wenye minyiri kuzunguka mdomo, urefu wa punje ya mchele. Huyu ana neva ila hana ubongo. Neva zake zimetandaa mwili mzima, kama ua wa miiba wa zizi: vuta tawi moja, ua wote unatikisika. Mguse kwa sindano, atajikunja mzima awe kama kidonge.

Watakuuliza kwa nini hana kichwa. Waambie haidra hujishikiza mahali, na chakula kinaweza kumjia kutoka upande wowote. Ya nini kuweka walinzi wote upande mmoja? Lakini planaria, yule mnyoo bapa wa chini ya mawe, anatambaa, na sehemu ileile ndiyo inayotangulia. Hiyo ndiyo inayokutana kwanza na chakula na hatari. Kwa vizazi vingi mno, neva zikakusanyika mbele. Kichwa kilianza hivyo. Usiseme haidra aligeuka planaria, maana hao ni ndugu wa mbali, kila mmoja na njia yake.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote: haidra haachi kutengeneza neva maisha yake yote. Mpya huzaliwa katikati ya mwili, za zamani husukumwa mpaka nchani na kudondoka. Ukimkata vipande viwili, kila kipande hujisukia wavu wake wa neva upya.

Nenda lambo lolote, chukua mashina ya yungiyungi na majani yaliyozama, weka katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kivulini. Kesho yake utawaona wananing'inia kwenye kioo.

Babu yako na mumeo mzee,
Januarius


Mwanhuzi,
26 Februari 1995

Kwa Babu,

Shikamoo. Huku tu wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Nimefurahi kusikia Bibi anafukuza watu.

Babu, haidra hakuna. Nimekwenda lambo la hapa mara nne. Mayungiyungi yapo, majani yapo, lakini chupani hakuna kinachotembea, hata wale viroboto wa maji, vidudu vinavyorukaruka, tuliozoea kuwaona tukichota. Mara zote nimewakuta wachungaji wa Mzee Ng'washi tu, wakiwapuliza ng'ombe dawa ya kupe kwa bomba pale pale wanaponywea. Mmoja alinicheka: "Mwalimu, unavua samaki kwa chupa ya jemu?"

Zimebaki wiki tatu. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Philomena


Nkololo,
5 Machi 1995

Kwa Philomena,

Marahaba, mama. Leo sitanii, maana jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kujua.

Zamani serikali iliweka dawa katika josho, na ng'ombe walipelekwa huko. Sasa kila mtu anajinunulia dawa dukani na kupuliza panapomrahisishia, yaani pale ng'ombe wanaposimama kunywa. Inayodondoka inaingia lamboni. Dawa hiyo humwua kupe kwa kuvuruga neva zake. Viroboto wa maji ni jamaa wa mbali wa kupe, wana neva za namna hiyo, nao hufa upesi. Haidra anawala hao. Kama dawa haikumdhuru yeye, njaa imemmaliza.

Namtuma Athanasi, anayekuja huko na lori la pamba, akuletee chupa ya haidra wa Nkololo. Nimemwambia asikaze kifuniko. Amesema hajawahi kupakia mzigo usio na uzito wala bei.

Lakini kuna watu wanaochota maji ya kunywa hapo. Mwambie Ng'washi kabla ya mkutano, mkiwa wawili, bila kumwaibisha. Najua ndiye anayeamua juu ya somo lako. Mwambie hata hivyo.

Babu yako,
Januarius


Mwanhuzi,
20 Machi 1995

Kwa Babu na Bibi,

Shikamooni. Mimi mzima, na leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Ng'washi, nikamweleza habari ya dawa na maji. Alinisikiliza, akasema, "Binti, ng'ombe mia tatu nimewafuga kabla hujazaliwa. Umekuja kunifundisha?" Nikamjibu, "Hapana, baba. Nimekuja kukuambia nilichokikosa lamboni." Hakuniaga. Nikarudi nikaanza kukunja nguo.

Jumamosi alikuja, akakaa mbele. Haidra wako walikuwa tisa, wazima. Nilieleza kama ulivyonieleza, kisha mzazi mmoja mmoja akachungulia hadubini nikimgusa haidra kwa sindano. Mzee Ng'washi alikaa hapo muda mrefu mpaka wengine wakaguna.

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Hana, baba. Neva zimetandaa mwili mzima."

"Hana kichwa, na ukigusa neva moja, mwili wote unajikunja." Akawageukia wenzake. "Basi ni kamati yetu hii!"

Watu walicheka mpaka mzazi mmoja, mama Lukresia, akaangusha kanga. Kisha Mzee Ng'washi akasimama, akasema: "Huyu alikuja kwangu akaniambia kosa langu akijua nashika kalamu ya kumfuta. Mwalimu wa namna hiyo sitampata dukani." Mikono ikanyooshwa. Biolojia imebaki, na biashara nayo itakuja.

Jana ng'ombe wake walipulizwa dawa kwenye josho la zamani, mbali na maji, na watu wameambiwa wachote kisimani kwa sasa. Asubuhi hii amepita shuleni. Tumesalimiana kirefu: nyumbani, watoto, mvua, mifugo. Akaondoka, akafika mlangoni, akarudi.

"Na wale wa kwenye chupa," akauliza, "wameamkaje?"

Mjukuu wenu,
Philomena