Tairi Halijazwi Bila Kizimba

Mbinga, 9 Agosti 1996

Dada Eusebia,

Shikamoo. Mama hajambo, na kahawa imezaa vizuri. Siku hizi wanunuzi binafsi wamejaa, malori yao yanapanda Litembo kila siku, na gereji yetu haipumziki.

Mwandiko huu usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita nilikuwa najaza upepo tairi la lori, ile pete ya chuma inayolishikilia kwenye rimu ikafyatuka, ikanivunja mkono wa kulia. Kichwa kilinusurika. Vidole viwili havitakunjika tena.

Tajiri, mwenye gereji, alinifuata wodini na karatasi. "Otmari, tia sahihi hapa kwamba ulikuwa umelewa."

"Nilikuwa nimetoka misa ya asubuhi," nikamjibu. "Na ile pete yenye ufa nilikuonyesha, ukasema nifunge tu."

"Basi kazi huna."

Sikutia sahihi. Nilipotoka hospitali nilikwenda gerejini na plasta yangu, nikawaeleza wenzangu yote, yeye akisikia. Mzee Hyera, fundi wetu mkuu, akaweka chini mpira wa kujazia upepo. "Hatujazi tairi la lori mpaka tupate kizimba cha chuma cha kulifungia, pete ikifyatuka isimpige mtu." Wote wakamfuata. Malori matatu ya kahawa yakalala pale siku mbili. Siku ya tatu tajiri akamwita mchomeleaji, na kizimba kipo.

Mimi hajanirudisha. Kila asubuhi naenda kukaa langoni, na mafundi hawaanzi kazi kabla hawajanisalimia. Kwa hiyo usinitafutie kazi huko Mbamba Bay. Siondoki.

Mdogo wako,
Otmari