Uji wa Maria Usio na Moshi

Mama yangu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kijiji cha ujamaa karibu na Shelui, ambako upepo wa Julai unakata ngozi. Baridi hii nusura ituaibishe. Shimo la gesi tulilochimba nyuma ya nyumba ya jirani yangu Maria, tunalolilisha kinyesi cha ng'ombe ili kitoe gesi ya kupikia, lilipoa kabisa, na moto jikoni ukawa kama wa mshumaa. Watu wakaanza kusema afadhali tofali zilizolijengea shimo zikajenge zahanati.

Basi sisi kinamama tukakoroga kinyesi kwa maji yaliyoanikwa juani, tukaongeza machicha ya pombe ya mtama, tukalifunika shimo kwa nyasi nene. Jana moto ukawaka wa buluu, bila moshi, nikampikia Maria uji, maana amejifungua juzi.

Mama mkwe wake akanizuia mlangoni. "Mkamwana wangu hanywi uji uliopikwa kwa mavi!"

Nikanywa mimi kwanza. Naye akaonja, akaketi kando ya kitanda. Mtoto alilala fofofo, hakohoi. Bibi akatazama dari, akasema polepole, "Wanangu wote niliwazaa ndani ya moshi." Kisha akamnywesha Maria kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikukumbuka, Mama, unavyopuliza kuni huku machozi yanakutoka. Nikirudi, shimo la kwanza nitalichimba kwako. Mungu akutunze, na wadogo zangu wasikuchoshe.

Mwanao akupendaye,
Rehema