Baba mkwe kwenye benchi la wajawazito

Kisarawe, Jumanne

Na mimi ndiye niliyejisifu kwamba mfumo mpya wa kompyuta hapa kliniki, unaowakumbusha wajawazito siku zao kwa ujumbe wa simu, hautamsahau mtu.

Leo asubuhi Mzee Shomari alikaa kwenye benchi lao, kanzu imenyooka kwa pasi, ametulia.

"Shikamoo, mzee. Umemleta nani?"

"Marahaba. Simu inaniita kliniki kila siku. Nimeitika."

Ujumbe ulikuwa wa Rehema, mke wa mwanawe. Namba niliiingiza mimi. Nyumbani kwao simu ni hiyo moja, ya mzee. Mwezi uliopita presha ya Rehema ilipanda, kisha hakurudi. Nimekuwa nikimuwaza hata nikila.

"Si ungemwambia tu, mzee?"

"Niongee na mkwe wangu mambo ya mimba? Mwanangu, bora unipime mimi."

Wanawake walicheka mpaka nikaogopa watajifungulia pale pale. Nikamshauri amwombe Rehema amsomee ujumbe, asingizie kwamba miwani imepotea.

Mchana Rehema akafika. Presha imeshuka. Nilikaribia kulia, mjinga mimi.

"Baba kaniomba nimsomee ujumbe," akasema. "Eti miwani imepotea. Na alikuwa ameivaa."