Ufunguo wa Kanisa la Wawi

Muheza, 23 Septemba 2024

Mpwa wangu Damiani,

Hujambo wewe na mkeo? Huku kwa binti yangu sijambo kiasi. Mguu umepungua kuvimba, ila daktari hataki kunisikia nikitaja boti ya kurudi huko kisiwani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sisikii. Wewe unaishia kupiga kelele, mimi naishia kuitikia nisichokijua.

Mwalimu Yusta kaniletea habari kwa ujumbe kwenye simu ya binti yangu. Jana katembea kutoka Chake mpaka Wawi, kakuta kanisa limefungwa, kakaa kizingitini hadi saa nne, karudi. Na Jumapili ya kabla yake vivyo hivyo. Niliponyoosha mkono kukupa ufunguo mwezi wa saba uliniambia, "Mjomba, lala usingizi." Silali. Tuko watu tisa tu hapo, Damiani, wakizoea mlango uliofungwa hawatarudi. Ulikuwa wapi?

Mjomba wako,
Zakaria

Wawi, 6 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mguu wako tunauombea.

Nilikuwa kwenye karafuu. Ningekuwa wapi tena msimu huu? Zimeiva zote kwa mpigo, wachumaji nawapata Jumamosi na Jumapili tu, na zilizokwisha kuanikwa haziachwi peke yazo, maana mvua ya huku siku hizi haipigi hodi. Zikilowa zinapauka na kuota ukungu, mwaka mzima umekwenda.

Na hao tisa usinitajie. Agosti nilifungua Jumapili tatu, nikapiga ile rimu ya gari, kengele yetu, mpaka mkono ukafa ganzi, nikayasomea mabenchi Injili. Mmoja ana mpira, mwingine ana harusi, mwingine kalala. Yusta mwenyewe alikuwa kwenye semina. Sasa mimi peke yangu ndiye Mungu ananidai Jumapili? Jumapili iliyopita nilifungua saa tisa alasiri, karafuu zikiwa ndani. Hakuja mtu. Nimechoka, Mjomba. Msimu ukiisha tutasali.

Mpwa wako,
Damiani

Muheza, 13 Oktoba 2024

Damiani,

Salamu. Mguu uko vile vile, tuuache.

Karafuu zikiisha utaniambia mihogo, mihogo ikiisha utaniambia bati linavuja. Miaka thelathini na moja sijaiona Jumapili iliyokuja ikiwa haina kazi. Mara ngapi nimeyasomea mabenchi mimi? Sikumwandikia mtu barua kulalamika.

Imeniuma uliposema umechoka. Mimi ningetoa huu mguu nipate kufungua mlango ule mara moja. Mpe Yusta ufunguo, mwanangu, uchume karafuu zako kwa raha.

Mjomba wako,
Zakaria

Wawi, 3 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Najua wiki tatu sikujibu. Nilikuwa na hasira nawe na bado ninayo. Ufunguo sikumpa Yusta. Kila nikitaka kumpelekea naona aibu.

Leo asubuhi nimeshaanika, jirani yako Mzee Mbarouk akaja kusimama kwenye ua. Akaniuliza, "Weye leo huendi kusali?" Nikamwonyesha majamvi. Akasema, "Mie chuma cha mjombao nshakizoea. Miezi hii kimya, Jumapili siijui. Hebu nenda. Karafuu zako n'tazitazama mie."

Nikaenda, nikapiga rimu. Akaja Yusta, na katika wale tisa akaja nesi mmoja na mumewe. Katikati ya Injili mvua ikashuka juu ya bati hata sauti yangu sikuisikia. Mjomba, miguu ilitaka kutoka yenyewe. Yusta ananitazama tu. Nikasoma mpaka mwisho, tukasali, tukafunga, ndipo nikakimbia.

Karafuu zangu zote zilikuwa chini ya paa, kavu. Zake majamvi mawili yamelowa chepechepe. Mzee wa watu, mjane, hana wa kumsaidia, kaanza na zangu! Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Zako ndo nlizoachiwa." Hii ndiyo faida ya kanisa lako? Mimi nimesali, hasara kabeba Mwislamu. Jumapili ijayo nitamtazama vipi usoni?

Mpwa wako,
Damiani

Muheza, 9 Novemba 2024

Mwanangu Damiani,

Hamjambo hapo? Barua yako nimeisoma mara nne, na hasira zako nimezikubali.

Kosa ni langu. Miaka yote hiyo, kila Ijumaa kabla ya saa sita, nilikuwa nakwenda kukaa kwenye majamvi ya Mbarouk yeye aende msikitini. Jumapili yeye alikaa kwenye yangu. Hatukuwahi kulizungumza, ndiyo maana hata kukwambia sikukumbuka. Nilikuachia ufunguo, Ijumaa sikukuachia. Tangu Julai mzee yule anazizoa karafuu peke yake ndipo aende kusali, na neno hakukwambia.

Unauliza utamtazama vipi. Usingoje Jumapili.

Mjomba wako,
Zakaria

Wawi, Ijumaa, 15 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Naandika kwa penseli, nimekaa kwenye jamvi la Mzee Mbarouk. Aliponiona nakuja alivaa kofia akaondoka. Zangu nimeziacha nyumbani zimeanikwa, mke wangu kaenda Chake, hakuna wa kuzitazama. Wingu limesimama upande wa Wete, kila mstari nainua kichwa kulitazama.

Likija, nitaanza na zake.

Mpwa wako,
Damiani