Ufunguo wa Sanduku Lako

Isihaka, mjukuu wangu,

Mimi Koko, bibi yako, kalamu siijui. Anayeandika ni Zaina, uliyekuwa ukifanya naye kazi ya kompyuta, na nimemkataza kunipamba maneno.

Tangu tukuzike hapa Mahajanga nimekaa juu ya sanduku lenye kompyuta yako kama kuku juu ya mayai. Ile kampuni iliyokuwa ikiwapelekea washonaji maagizo kwa ujumbe wa simu imefungwa. Wateja wanaagiza vitambaa kwenye tovuti yako, washonaji wetu wa kisiwani Nosy Komba hawapati habari. Sindano zimelala. Zaina akaja kuomba kompyuta. Akasema kila ukurasa wa tovuti unajitengenezea ndani kwa ndani mtumaji wake wa ujumbe, programu ya kuiita kampuni ile iliyofungwa, kwa hiyo itabidi aipasue kazi yako ukurasa kwa ukurasa. Nikamfukuza. Ile ni mikono yako, Isihaka. Nimwache aipasue?

Sikutoka tena. Nyumba ilinibana, hewa haikunitosha, na ufunguo nimeuning'iniza shingoni mwenyewe.

Mpaka shangazi yako akapiga simu kutoka Nosy Komba: "Mama, umeshamzika Isihaka. Na sisi unatufukia?" Hana adabu yule. Nililia, nikafungua.

Zaina akafungua kompyuta, akapiga kelele, "Koko, njoo uone!" Nione nini, mimi? Akanieleza. Ukurasa mmoja, ule wa maagizo, wewe mwenyewe ulikuwa umeshautengeneza upya. Huo hautengenezi mtumaji. Unapewa mtumaji kutoka nje, mahali pamoja tu. Ninyi mafundi wa kompyuta mnaita hivyo kuingiza vitegemezi. Zaina akaujaribu kwa mtumaji wa bandia, kisha akaupa mtumaji mpya wa kweli, wa kampuni nyingine. Ndani ya ukurasa hakugusa hata neno lako moja.

Hapo nikakumbuka. Zamani kila mshonaji alijitafutia uzi dukani. Duka likifungwa, kitambaa kinasimama. Ukaniambia, "Koko, mshonaji asitafute uzi. Apewe mkononi." Nikakufokea: wewe hata kifungo hujui kushona! Lakini tangu siku ile uzi tunaugawa mlangoni mwa nyumba ya kushonea. Kumbe ulilibeba wazo lile mpaka kwenye mashine yako.

Asubuhi ileile simu ya shangazi yako ililia. Agizo: mapazia mawili.

Kurasa zilizobaki Zaina atazipasua, zote zifanane na ule mmoja. Inaniuma, sikufichi. Lakini ufunguo uko kwake.

Pumzika, baba. Mapazia yakianza kushonwa nitapanda boti, mimi na magoti yangu haya, nisimame mlangoni Nosy Komba niwape washonaji uzi. Mkononi, kama ulivyotaka.

Koko wako